Bakuli la Kwanza

Ilianza wiki moja kabla ya Krismasi, mchana kweupe, mtoto alipokataa ugali. Nyamizi, binti wa miaka sita, alilisukuma bakuli lake kwa kiganja, akajifuta midomo iliyokuwa mikavu, akasema, "Nimeshakula."

"Umekula wapi? Kwa jirani?" mama yake, Georgina, akamuuliza.

"Nimeshakula. Nimelala."

Georgina aliacha kutafuna. Alikuwa karani wa ardhi pale Bariadi, mwanamke asiyebabaishwa na mambo madogo, lakini maneno yale aliyajua. Yalikuwa ya kwake. Aliyasema Krismasi iliyopita, nyumbani kwao Nyalikungu, na hakuna mwingine aliyejua kuwa yalikuwa uongo.

Siku tatu mtoto hakutia kitu mdomoni ila maji. Hospitali walimpima malaria, taifodi, minyoo. Wakamtundikia dripu, wakamrudisha. Hana ugonjwa, walisema. Na kila ilipofika saa ya chakula, Georgina akaanza kusikia kijiko kikikwangua bakuli tupu, kwaru, kwaru, polepole, kama mtu anayetafuta punje ya mwisho kwa kupapasa. Akienda jikoni, vyombo vyote vimo kabatini. Akirudi kuketi, kwaru. Na harufu ikaja: moshi wa kuni, samli, blanketi lililolowa mkojo. Alifua mashuka yote ya nyumba. Harufu haikutoka.

Kwao, Krismasi ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Watu wakitoka kanisani, hakuna anayeonja kitu mpaka bakuli la kwanza, wali na maini ya kuku, lipelekwe kwa mkubwa wa kaya. Mjukuu wa kike ndiye hulipeleka, huketi mpaka mkubwa ashibe, kisha hurudi na bakuli tupu, na hapo ndipo wengine hunawa mikono. Mkubwa alikuwa Bibi Milembe, mama wa marehemu baba yake Georgina, kipofu, miguu imekufa ganzi, akilala nyumba ndogo ya nyuma.

Mwaka jana Georgina alikuwa amevaa kitenge kipya. Alifika mlangoni, harufu ya chumba ikampiga usoni, akasimama. Kutoka ndani bibi akauliza, "Ni nani? Ni Gina?" Georgina hakuitika. Alizunguka nyuma ya ukuta, akawamwagia mbwa chakula kile, akarudi na bakuli tupu. "Amekula. Amelala," aliwaambia, na watu wakanawa. Jioni walimkuta bibi amekufa kizingitini, kichwa kimeelekea jikoni. Kwenye msiba wanawake walifarijiana, "Afadhali ameondoka ameshiba," na Georgina akaitikia pamoja nao.

Tarehe ishirini na nne alimfunga Nyamizi kanga, akapanda naye gari kwenda nyumbani. Mama yake, Wilhelmina, aliwapokea uwanjani. Shangazi Martha alikuwa ameshafika kutoka Mwanhuzi. Ndiye binti pekee wa Bibi Milembe, na kila Krismasi alikuja kupika kuku. Alimbeba mtoto, akamtazama Georgina kwa mshtuko.

"Mbona mwepesi hivi? Mnampa nini huko mjini?"

"Anaumwa, shangazi."

"Anaumwa nini?"

"Hawajajua."

Jua lilipokuwa linashuka, Georgina aligeuka akaona mkeka aliomlaza Nyamizi ukiwa mtupu. Alimtafuta chumbani, akamtafuta zizini, akaita, na alipozunguka nyuma ya nyumba alimwona mtoto, ambaye asubuhi hakuweza hata kukaa bila kuegemezwa, amesimama mbele ya ile nyumba ndogo iliyofungwa kufuli tangu siku ya msiba, viganja vikiupapasa ukuta, macho yamegeuka weupe mtupu, na kutoka ndani, nyuma ya mlango ule usiofunguliwa na mtu mwaka mzima, kijiko kilikuwa kinakwangua, kwaru, kwaru, kikasita mara tu Georgina alipoacha kutembea, kana kwamba aliyekishika naye alikuwa ametega sikio.

"Gina," mtoto akasema kwa sauti nzito ya kikongwe. Jina lile hakuna aliyemwita isipokuwa bibi. "Nasikia nyama inanukia. Mnaniletea sasa?"

Georgina alimnyakua, akakimbia naye ndani. Angeweza kusema usiku ule ule. Mama yake alimuuliza mara mbili kilichomtisha, na mara mbili akajibu, "Hakuna kitu." Mwanawe anakauka mikononi mwake, naye bado alikuwa anaogopa aibu.

Asubuhi ya Krismasi Wilhelmina hakwenda misa. Alirudi saa tano na Kija, mganga wa kike wa makamo, mwenye kimfuko cha ngozi begani.

"Padri nitaongea naye mwenyewe," Wilhelmina alisema kabla hajaulizwa.

"Mwangaluka, mayu," Kija alimsalimia Martha kwa Kisukuma, kisha akaketi chini karibu na mtoto. Walimletea kuku mweupe wa kuagulia. Akamrudisha. Alinusa nywele za Nyamizi, akainamisha sikio kwenye tumbo lake, akakaa hivyo muda mrefu.

"Aliyemo humu hataki kuku, hataki mbuzi," alisema. "Ana njaa. Kuna mtu alisema ameshiba, na kwa hilo neno hakuna anayemlisha. Mtoto huyu ni mlango tu. Hafiki kesho."

"Mama yangu alikula," Martha alisema upesi. "Alikula, nilipika mimi mwenyewe."

Kijiko kikasikika tena, safari hii tumboni mwa Nyamizi, na wote wakakisikia. Wilhelmina akajifunika mdomo kwa kanga. Georgina alianguka magotini mbele ya shangazi yake.

"Hakula," alisema. "Shangazi, hakula. Niliwamwagia mbwa. Niliogopa kuchafua nguo. Aliniita, sikuitika."

Martha hakupiga kelele. "Alikuita kwa jina?" aliuliza.

"Alisema, ni Gina?"

Nyamizi alijinyoosha mwili mzima, akatoa pumzi ndefu yenye moshi wa kuni, na kule nyuma ya nyumba mlango wenye kufuli ukagongwa mara moja kwa nguvu, vumbi likamwagika kutoka darini. Kisha palitulia. Mtoto alifumbua macho yake yenye mboni nyeusi, akaanza kulia kilio cha kitoto.

"Mama, njaa."

Georgina aliinuka kukimbilia jikoni. Martha akamzuia kwa mkono. Alikwenda mwenyewe, akapakua wali na maini, akaketi mkekani, akampakata Nyamizi na kumlisha tonge dogo dogo, akingoja kila moja limezwe, machozi yakimtiririka mpaka shingoni bila kuyafuta. Mtoto alipotosheka akalala, jasho jepesi likimtoka usoni. Kija alifunga mfuko wake. "Amekwenda," alisema.

Martha alimlaza mtoto, akanawa mikono, akafungasha nguo zake. Hakuonja chakula. Georgina alimfuata hadi barabarani, amebeba begi lake.

Gari la Mwanhuzi liliposimama, Martha alilichukua begi.

"Mwanao amepona," alisema. "Mimi na wewe bado."