Mabati Tuliyaona, Uwanja Hatukuuona

Tangu alfajiri Mama Fundi alikuwa kapakata mfuko mmoja, na ole wake ambaye angeugusa. Ndani mlikuwa na gauni la harusi la kitindamimba wake. Alilishona mwenyewe. Harusi ilikuwa mchana ule ule, na ndege ilikuwa ikirushwa na nani? Binti yake mkubwa! Basi mama alikaa ametulia kama yuko sebuleni kwake.

Ndege ilianza kushuka ndani ya mawingu. Dirishani palikuwa peupe pe. Mara mawingu yakaachana kidogo, akaona mabati ya nyumba.

"Tumefika!" akasema.

Hajafunga mdomo, injini zikanguruma. Ndege ikainua pua, ikapanda juu.

"Mungu wangu, tunakufa!" Mama Fundi alikumbatia mfuko kwa nguvu zote.

Sauti ya binti yake ikasikika: "Abiria wetu, hatukuiona njia ya kutua. Tunakwenda uwanja wa jirani kusubiri mawingu yaondoke."

"Hatukuiona?" akafoka mzee mwenye kofia, kiti cha nyuma. "Hata mimi na macho yangu haya mabovu nimeona mabati! Rubani gani huyu?"

Mama Fundi alitamani ardhi immeze, lakini ardhi yenyewe ilikuwa mbali.

Walipotua uwanja wa jirani, rubani alikuja chumba cha abiria.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo yako kaa nayo! Mabati nimeyaona kwa macho yangu. Ungeshuka kidogo tu! Sasa mdogo wako aolewe na gauni la kulalia?"

Abiria wakaangua kicheko. Rubani hakucheka.

"Mabati uliyaona wapi, mama?"

"Chini, dirishani."

"Mimi natakiwa kuiona njia ya kutua, mbele yangu. Uwanja ule hauna chombo cha kutuongoza tunavyoteremka. Vyombo vyake vinatuonyesha uelekeo tu. Kwa hiyo tumewekewa kimo. Hatushuki chini ya hapo mpaka tuione njia ya kutua. Tena pana mahali pa mwisho. Ukifika pale hujaiona, unapanda. Hakuna mjadala."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Mzee wa kofia akadakia. "Kama uliona mapema hakuna dalili, si ungegeuza tu?"

"Kupanda mapema naruhusiwa, mzee wangu. Kukata kona ndiyo hapana, mpaka nifike pale pa mwisho. Njia salama ya kupanda na kuondoka imepimwa kuanzia pale. Nikikata kona kabla, naweza kukutana na kilima."

"Kilima gani?" akaguna Mama Fundi, akageuza uso. Hasira ilikuwa haijamtoka.

Alasiri mawingu yakaondoka, wakapaa tena. Safari hii Mama Fundi alibandika uso dirishani. Akayaona mabati yale yale. Kumbe zilikuwa nyumba za mgongoni mwa kilima! Juu yake ulisimama mnara wa simu, mrefu, mwembamba, karibu kabisa na njia yao. Uwanja ulikuwa bado mbele huko.

"Lahaula!" alisema mzee wa kofia. Akaivua kofia yake.

Mama Fundi aliukumbatia tena mfuko wake. Kidogo tu. Ndivyo alivyosema yeye, kwa kinywa chake.

Walipofika nyumbani, bibi harusi aliwapokea machozi yakimtoka. "Dada, wageni wamesubiri mpaka wamechoka! Ndege tuliisikia ikipita! Kwani usingeshuka kidogo tu?"

"Koma!" mama alimkata. "Neno hilo nisilisikie tena."

Alijaribu kumfunga vifungo vya gauni, vidole vikakataa. Rubani akamsaidia, kimoja kimoja.

"Ulijua nimo ndani, na gauni hili ninalo," mama alimwambia. "Nisingekuwemo je?"

"Ningepanda vilevile, mama."

Mama Fundi akamtazama, macho yamejaa machozi.

"Marahaba, mwanangu," akasema.