Pikipiki Iliyokataa Asubuhi

Kila siku Colombe aliporudi kutoka shule ya masista, alivua sare, akala viazi vitamu vilivyobaki, kisha akashuka hadi kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yao huko Kadutu, mtaa ulio mlimani juu ya ziwa. Ilikuwa mwaka wa 1957. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi yake hakuna msichana mwingine mtaani aliyekuwa nayo: alichanganya mafuta ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe haikutoka dukani. Baba yake, Papa Isidore, aliyefanya kazi kwenye gereji mjini, aliiunda kwa miaka miwili pamoja na rafiki yake Edouard, mchomeleaji wa vyuma. Fremu ilikuwa ya baiskeli, ikaimarishwa kwa mabomba ya maji. Injini ilikuwa ya pampu iliyotupwa kwenye shamba la kahawa huko Mudaka. Kabureta, yaani kile kidude kinachoinywesha injini petroli kidogo kidogo, Edouard aliichonga kwa mkono wake.

Kwa kila vikombe ishirini vya petroli, injini ya namna ile ilihitaji kuchanganyiwa kikombe kimoja cha mafuta ya injini.

"Ukisahau kile kikombe kimoja, chuma kitasaga chuma, na injini itakufa," Edouard alimwambia. "Kwa hiyo uzima wake uko mikononi mwako, Madame Mafuta."

Jumatatu moja kuku aliingia kibandani. Colombe alimfukuza huku na huku, akaigonga chupa ya mafuta ya injini kwa kiwiko. Zaidi ya nusu ilimwagika vumbini. Mafuta yale Papa aliyakusanya kwa wiki nyingi, tone kwa tone, kutoka kwenye makopo matupu ya gereji. Na Jumapili ilikuwa inakaribia! Jumapili, baada ya misa ya kwanza, pikipiki ingepanda mlima wa Kadutu mbele ya mtaa mzima.

Colombe alikimbilia jikoni akachukua mafuta ya mawese ya kupikia. Mafuta ni mafuta, alijiambia. Papa mwenyewe, kama watu wote wa mtaani, hupaka mawese kwenye mnyororo wa baiskeli, na baiskeli hukimbia vizuri. Akaijaza chupa, akaitikisa mpaka ikawa nyeusi kama zamani, kisha akachanganya petroli kama kawaida.

Jioni ile injini iliwaka kwa teke la kwanza. Edouard alinusa moshi.

"Nani anakaanga mikate?"

"Atakuwa jirani," Papa alijibu. "Wewe unawaza tumbo tu."

Walicheka wote wawili. Colombe naye alicheka, akapumua.

Lakini asubuhi ya Jumanne, Papa alipoipiga teke kabla ya kwenda kazini, injini ilikohoa mara moja ikanyamaza. Saa kumi alasiri iliwaka bila shida. Jumatano asubuhi ikakataa tena, alasiri ikakubali. Papa alisafisha buji inayotoa cheche. Aliifungua kabureta baada ya kazi, akaitazama kwenye mwanga wa jua. Ilikuwa safi kabisa.

"Sielewi," alisema. "Pikipiki gani hii inayochagua saa?"

Colombe naye hakuelewa. Kama mawese yameiharibu, mbona alasiri inakimbia? Na kama hayajaiharibu, mbona asubuhi inakataa? Kila alipotaka kusema, swali hilo lilimziba mdomo. Alijiambia kwamba labda chupa ile haihusiki.

Jumapili, baada ya misa, watu walijaa chini ya mlima. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado haujaondoka. Papa alipanda kwenye kiti, akapiga teke. Akapiga la pili, la tano, la kumi. Jasho lililowesha shati lake jeupe.

"Isidore!" Mushagalusa, fundi cherehani, alipaza sauti. "Hii pikipiki yako iko Mukristu kweli! Inapumzika siku ya Mungu!"

Watu walicheka sana. Papa alishuka polepole, akamgeukia Edouard.

"Jana jioni ulibaki peke yako na kabureta. Uliifanya nini?"

"Mimi? Niliipangusa tu."

"Watu wanasema unataka kuunda yako. Ndiyo maana hii lazima ife?"

Kicheko kilikatika. Edouard alimtazama kama mtu asiyemjua.

"Isidore, unasikia maneno yako?"

"Nayasikia. Usikanyage tena kibandani kwangu."

Edouard aliondoka akipita katikati ya watu, na wengine walimpisha kama mwizi. Colombe alirudi nyuma, akajificha kati ya watu.

Saa sita pikipiki ilikuwa uani, juani. Papa alifungua kabureta: safi. Akapiga teke moja, injini ikanguruma.

"Unaona?" alimwambia mkewe, Maman Delphine. "Edouard akiwa mbali, inawaka!"

Colombe alishindwa kula siku hiyo. Sasa Papa alikuwa na ushahidi, na ushahidi wenyewe ulikuwa wa uongo. Lakini ukweli ulikuwa upi?

Jumatatu asubuhi baridi ilikuwa kali. Maman Delphine alimwomba mawese ya kupikia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Colombe aliinamisha chupa juu ya sufuria. Hakuna kilichotoka.

"Weka kwanza karibu na moto," Maman alisema. "Baridi imeyagandisha."

Colombe aliitazama chupa. Mafuta yalikuwa yamesimama mle ndani, mazito, ya njano. Aliiweka chini akatoka mbio. Papa alikuwa uani akifunga kamba za viatu.

"Papa, Tonton Edouard hakufanya kitu. Ni mimi. Nilimwaga mafuta yako, nikajaza mawese. Yanaganda asubuhi!"

Papa aliingia kibandani, kiatu kimoja kikiwa hakijafungwa, akaifungua kabureta pale pale kwenye baridi. Katika kitundu chembamba kama sindano, mlikuwa na mafuta ya njano yaliyoganda kama nta. Aliketi juu ya sanduku.

"Ulijua tangu lini?"

"Mambo ya baridi nimejua sasa hivi."

"Na chupa?"

"Chupa nilijua tangu siku ile."

"Hata jana, nilipomfukuza Edouard?"

"Hata jana, Papa."

Walikwenda pamoja hadi karakana ya Edouard. Colombe alieleza yote mwenyewe, bila kuruka hata kuku. Kisha Papa akasema, "Nimekukosea, ndugu yangu."

Edouard aliweka nyundo yake chini. "Mutoto nimemusamehe. Lakini wewe, Isidore, ulinifukuza mbele ya mtaa mzima, unakuja kuniomba radhi mbele ya nyundo?"

Papa aliinamisha kichwa. Wiki nzima yeye na Colombe walisafisha tangi na injini, na gereji ikampa Papa mabaki mengine ya mafuta. Jumapili, mbele ya watu wale wale, Papa alisimama kando ya pikipiki.

"Nilimsingizia huyu mtu. Yeye hakuharibu kitu. Kosa lilitoka nyumbani kwangu, na mimi nikaliongeza." Akamwachia Edouard usukani. "Panda wewe."

Mushagalusa alitaka kutania, akaghairi. Edouard alipiga teke moja. Injini ilinguruma kwenye ukungu, ikaanza kupanda mlima, na watoto wakaifuata wakipiga kelele.

Papa na Colombe walipanda kwa miguu, nyuma kabisa.

"Kumwaga mafuta ni ajali," Papa alisema. "Kuweka mawese ni kutojua, nami ningekufundisha. Lakini ulinyamaza kwa sababu hukuelewa kwa nini injini inakataa. Siku nyingine, mutoto wangu, sema kile unachokijua, hata kama ni kidogo. Yaliyobaki tutayatafuta pamoja. Na mimi, kabla sijamnyooshea mtu kidole, nitauliza kwanza nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Papa."

Sauti ya injini ilififia kwenye kona. Wote wawili walisimama, wakatega sikio. Kisha huko juu, karibu na kanisa, watu wakaanza kushangilia.