Nafasi Tupu Ukutani

Fundi cherehani alikuwa akipima kola ya shati aliposikia mlango wa bafu ukigongwa kutoka ndani. Mama mkwe wake, ambaye nyumbani wote walimwita Bibi, aliita kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kusumbua. Kitasa kimegoma, alisema. Kinazunguka tu.

Fundi aliuvuta mlango, akautikisa, akauvuta tena. Ulikuwa wa mbao ngumu na ulifungukia nje, kwa hiyo kuupiga kikumbo kusingesaidia kitu. Dirisha la bafu lilikuwa dogo, tena lenye nondo.

"Mama, umeshakula?" aliuliza.

"Bado, mwanangu. Nimejidunga tu sindano yangu ya sukari. Nilisema nioge kwanza, chai ipoe kidogo."

Hapo fundi akauachia mlango. Mtu aliyejidunga insulini anapaswa kula mapema, la sivyo sukari hushuka mwilini. Hutetemeka, hutokwa na jasho, maneno humchanganyikia, na mwisho huzimia.

Alitoka akamwita jirani. Jirani huyo alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, na mtaani wote walimwita Sista. Sista alikuja upesi, akainama, akakitazama kitasa. Skrubu za bamba lake zilikuwa upande wa nje. Zikifunguliwa, alieleza, ulimi wa kitasa unaweza kusukumwa, na mlango utafunguka. Kilichohitajika ni bisibisi ya nyota. Akauliza kama akalete yake.

"Usihangaike, Sista," fundi alisema. "Gereji yetu imejaa bisibisi."

Hilo ndilo lililokuwa kosa.

Mume wa fundi alikuwa mpiga chapa. Jioni, akitoka kazini, alitengeneza vitu vya nyumba katika gereji hiyo. Hakuwa na rafu wala ndoano. Kila kifaa alikiacha mahali alipokitumia mara ya mwisho, na akiulizwa kiko wapi, aligonga kipaji chake cha uso na kusema vyote vimo humu. Nyumbani walimbandika jina la Kompyuta, naye alilipenda.

Sasa fundi alisimama katikati ya gereji asijue aanzie wapi. Nyundo ilikuwa juu ya ngazi. Misumeno ililala chini ya gunia. Koleo, patasi, spana na misumari vilichanganyika katika beseni moja. Alipotia mkono ndani ya beseni, patasi ilimkata kidole. Alikifunga kwa kipande cha kitambaa, akampigia mumewe simu.

Kompyuta alijibu bila kusita. Bisibisi iko chini ya kopo la rangi nyeupe, alisema, pale alipotengenezea stuli. Chini ya kopo palikuwa na bisibisi bapa. Fundi alikimbia nayo hadi bafuni, lakini ncha yake ilikuwa pana, ikateleza juu ya skrubu. Akarudi. Basi iko nyuma ya betri ya gari, Kompyuta alisema. Nyuma ya betri palikuwa na buibui.

Mlangoni mwa bafu, Sista alikuwa amepitisha sukari kwenye karatasi kupitia upenyo wa chini. Alimwomba Bibi aiweke mdomoni. Bibi alijibu kwamba haoni vizuri. Kisha akauliza ni nani aliyemwingiza mbuzi bafuni. Sista hakucheka. Alizidi kumsemesha ili asilale.

"Baba watoto," fundi alisema kwenye simu, "mama yako ameanza kuweweseka. Bisibisi iko wapi?"

Kwenye simu ikasikika zipu ikifunguliwa.

"Mama watoto," mumewe alisema polepole, "ninayo mimi. Imo mkobani mwangu. Niliibeba ili nikaze kiti cha kazini."

Fundi aliiacha simu ndani ya beseni, akakimbilia ndani, akamweleza Sista. Sista alichomoka kama mshale kwenda kwake. Hakutafuta kitu. Fundi hata hakuwahi kumwita mama mkwe mara ya tatu, Sista akawa amerudi na bisibisi mkononi.

Skrubu zilitoka. Bamba lilianguka sakafuni, Sista akausukuma ulimi, na mlango ukafunguka. Bibi alikuwa ameketi chini, amejifunika taulo, jasho likimtiririka. Aliweza kumeza, kwa hiyo walimnywesha maji ya sukari taratibu. Baada ya muda macho yake yalitulia.

"Chai yangu imeshapoa sasa," alisema.

Kompyuta alipofika, aliketi kando ya mama yake bila kuvua viatu. Alisema ni bahati mbaya tu, kwa kawaida hukumbuka. Mkewe alimwonyesha kidole kilichofungwa.

"Kumbukumbu zako ulikwenda nazo kazini," alisema. "Sisi ulituachia beseni."

Ndipo Sista akaeleza jinsi wanavyofanya kazini kwake. Kila chombo kina mahali pake, na vyote huhesabiwa kabla ya kazi na baada yake.

"Si kwamba hatuwezi kukumbuka," alisema. "Ila mahali pa kifaa humsaidia hata mgeni. Na pakiwa patupu, panakwambia usipoteze muda kutafuta."

Jumamosi walivitandaza vifaa vyote sakafuni. Vya kazi moja waliviweka pamoja, vibovu wakavitupa. Walisugua kutu na kupaka mafuta. Kisha walipigilia ubao ukutani, wakavitundika vifaa, na kila kifaa wakakichorea umbo lake kwa wino mzito. Vya kila siku vilikaa usawa wa kifua. Patasi na misumeno vilikaa juu, na fundi alivishonea ala za turubai ili makali yasimkate mtu. Waliweka pia sharti: atakayetoka na kifaa atundike mahali pake kibao chenye jina lake.

Asubuhi moja Kompyuta alikuwa akifunga kamba za viatu. Bibi alichungulia gerejini, taulo begani. Umbo la bisibisi ya nyota lilikuwa tupu, na msumarini palining'inia kibao cha mwanawe. Bibi alirudi sebuleni, akaketi, akaliweka taulo mapajani.

"Mama, huogi?" fundi aliuliza. "Au hujala?"

"Kula nimekula," Bibi alijibu. "Namngoja Kompyuta afungue mkoba wake."

Kompyuta aliufungua.