Rangi ya Matumbo ya Boti

Duka la vifaa vya ujenzi lilifurika watu asubuhi ile. Fundi wa kuchomelea alikwenda kununua diski za kukatia, akajikuta anamkodolea macho dada mmoja mwenye gauni la manjano na raba zilizolowa, anayeuliza bei ya nondo.

"Unajenga nini, dada?"

"Makao ya matumbawe."

"Hayo si mawe?"

"Ni wanyama, fundi. Siku hizi bahari inapata joto kupita kiasi, wanageuka weupe, wanakufa. Sisi watafiti tunaotesha vipande vyao kwenye fremu za chuma."

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja: akisikia jambo asilolijua, hatulii. Papo hapo akajitolea kumchomelea fremu ishirini. Simu zikaanza.

"Daktari wa mawe, hao wanyama wako wanakula nini?"

"Angalia kazi yako, mpenzi, usije ukajichoma."

Kufikia fremu ya kumi na tano walikuwa wamependana, na kila mmoja alijua.

Siku ya kuzichukua, mtafiti alizikuta zimepangwa uani, zinang'aa buluu. Akaketi kwenye ngazi ya karakana, mikono kichwani.

"Umezipaka nini?"

"Rangi ya matumbo ya boti, ile ya bei. Nilitaka zidumu."

"Ina sumu. Imetengenezwa ili kisiote kitu juu yake. Na mimi vipande vyangu vinatakiwa vishuke wiki hii, vishike kabla ya miezi ya joto. Vikichelewa, vinakufa vyote."

"Mimi ningejuaje?"

"Ungeuliza. Kila kitu unauliza, hili likakushinda?"

Akaondoka. Fundi alipiga simu mara sita, haikupokelewa hata moja. Kisha akafunga mlango kwa wateja wengine, akakata nondo mpya, akachomelea kutwa, siku tatu mfululizo.

Siku ya nne pikapu ilisimama nje ya maabara. Mtafiti akatoka na koti lake jeupe, macho yamevimba.

"Ziko ishirini, sijazipaka kitu," fundi alisema. "Nimekuja kuuliza. Zipakwe nini?"

Mtafiti alipitisha kidole kwenye maungio, moja baada ya jingine, bila haraka.

"Gundi maalumu, halafu mchanga juu yake. Matumbawe hushika vizuri panapokwaruza." Akamtupia glavu. "Vaa. Kesho asubuhi tunazishusha."

Walipaka mpaka alasiri, mchanga ukawajaa hadi kwenye nywele.

"Na mimi naruhusiwa kushuka nikaone?" fundi aliuliza.

"Unajua kuogelea?"

"Hata kidogo."

"Basi kesho unabaki botini. Nitakufundisha kwanza. Sitaki kuwa mjane kabla sijaolewa."

Fundi akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akamwomba arudie hayo maneno ya mwisho, polepole.