Aliyebisha Ndani ya Chumba cha Mbegu

Feni ilisikika kabla ya kitu chochote kuonekana. Ilivuma kutoka ndani ya jengo, sauti nyembamba isiyokoma, kama kifua cha mgonjwa kinachotafuta hewa. Inspekta Joash Adagala alisimama kwenye ngazi, akaisikiliza, akatamani mtu aizime.

"Haizimwi, Afande," alisema Koplo Jepkosgei. "Inaondoa gesi ya sumu iliyobaki ndani. Tungoje dakika kumi."

Wakangoja. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Julai 1986, na baridi ya Eldoret ilikuwa inauma masikio. Jengo lilikuwa la matofali, nyuma kidogo ya mtaa wa West Indies, lenye kibao: MAABARA YA PAMOJA YA KAMPUNI CHANGA. Serikali ililijenga kwa ajili ya watu wenye ujuzi lakini wasio na mitambo. Kampuni sita zilitumia kwa zamu jokofu moja, tanuri moja la mvuke, na chumba kimoja cha mbegu. Humo zilikuzwa bakteria za kurutubisha maharage, miche ya viazi ndani ya chupa, na mbegu ya kugandisha maziwa ya ngamia.

Humo ndimo alimolala Isaiah Mukhwana, fundi wa maabara, amekufa.

Alilala ubavu, nyuma tu ya mlango, magoti yamekunjwa. Macho yalikuwa mekundu. Kucha za mkono wa kulia zilikuwa zimevunjika. Koti lake jeupe alikuwa amelivua, akalizungushia chupa nane ndogo, akazikumbatia kifuani.

"Chupa za nani hizi?"

"Zangu."

Aliyejibu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, buibui jeusi, wembe bado mkononi. Alikuwa Habiba Osman, binti wa mwenye malori, naye mwenyewe alikuwa na kampuni ya mbegu ya maziwa. Ndiye aliyefika wa kwanza asubuhi, akawasha feni, akakata utepe, akafungua mlango.

"Kwa nini anazo?"

"Nilizisahau humo Ijumaa. Nilikwenda msikitini, kisha lori la baba likaharibika njiani huko Turbo, nikachelewa." Akauweka wembe chini. "Gesi ingeziua. Alijua."

Adagala akamtazama. Hakuuliza zaidi, bado.

Mkuu wa maabara, Daktari Bethwel, alikuwa ofisini. Alivaa suti, kwa sababu wageni kutoka Hazina walitarajiwa saa tano. Juu ya kichwa chake ilining'inia picha ya Rais.

"Ni ajali, Inspekta. Ajali mbaya sana."

"Nieleze."

"Kila Ijumaa tunafukiza chumba kwa formalini kuua ukungu. Mmoja anamimina dawa ndani, mwingine yuko nje. Wa nje anauliza, 'Uko nje?' Mmiminaji akishatoka anajibu, 'Niko nje!' Ndipo tunatia komeo, tunaziba nyufa kwa utepe, tunaandika saa na sahihi. Mlango haufunguliwi mpaka Jumatatu."

"Hata mtu akiwa ndani?"

"Hakuwa ndani! Nilikuwa hapa nachukua utepe. Niliuliza, akajibu."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia."

"Hukuchungulia?"

"Miaka miwili tumefanya hivyo, Inspekta. Neno la mtu lilitosha."

"Kisha?"

"Nilitia komeo, nikaweka utepe, nikaenda nyumbani Kapsoya. Kumbe alirudi ndani kwa ajili ya zile chupa."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia."

Adagala akarudi mlangoni, akachuchumaa. Vipande vya utepe mweupe vilikuwa bado vimeganda kwenye mlango na fremu. Sahihi ya Daktari ilikuwepo, wino wa buluu, saa kumi na dakika tano jioni. Alilisukuma komeo kwa kidole. Lilikuwa limelegea. Mlango ulitikisika, ukaacha upenyo mwembamba, ukarudi.

"Koplo, njoo uone. Utepe huu ni mmoja?"

Jepkosgei akainama. "Ni mbili, Afande. Mmoja juu ya mwingine."

"Wa juu umekatwaje?"

"Kwa wembe. Umenyooka."

"Na wa chini?"

Koplo akausogelea zaidi. "Huu haukukatwa. Umevutwa ukachanika."

"Nani anaweza kuuvuta mpaka uchanike?"

Wote wawili waliangalia kucha za marehemu.

Mtu aliusukuma mlango kutoka ndani, utepe ukachanika. Kisha mtu mwingine, akiwa nje, akaweka utepe mpya juu ya ule uliochanika.

Mtaalamu wa alama za vidole waliyekuja naye akaubandua ule wa juu taratibu. Upande wa gundi palikuwa na kidole gumba kizima, safi kama muhuri.

"Utepe unawekwa wapi hapa?" Adagala alimuuliza Habiba.

"Kwa droo ya Daktari. Anafungia. Unatoka Nairobi, na watu wanaiba."

"Ijumaa ulirudi hapa, Habiba?"

Feni ikavuma.

"Habiba. Nimekuuliza."

"Wallahi sikujua." Akaketi sakafuni, pale pale. "Nilirudi saa kumi na robo. Nikamkuta Daktari mlangoni na utepe mkononi. Nikasikia ngo, ngo, ngo. Nikamuuliza ni nini hicho. Akaniambia ni mabomba ya mvuke yanapoa."

"Ukamwamini?"

"Mabomba hulia hivyo kila siku! Nikasikitika tu juu ya chupa zangu." Akaziba uso. "Tangu asubuhi nazisikia zile ngo. Hata sasa. Wewe huzisikii?"

Adagala hakusikia ila feni. Lakini alijikuta ametega sikio.

Aliporudi ofisini hakuketi.

"Kidole gumba kilichoko kwenye utepe wa pili ni chako, Daktari; droo ya utepe unaifungia wewe mwenyewe. Mmoja uliuweka saa kumi na dakika tano. Huu mwingine uliuweka lini?"

"Labda uliinuka kona..."

"Ulichanika. Na Habiba alikukuta ukiuziba."

Bethwel alitazama saa ya ukutani, kisha dirisha, kama mtu anayengoja gari limwokoe.

"Aliita jina lako?"

Bethwel akanyoosha tai yake.

"Daktari, aliita jina lako?"

"Hakuita jina," alisema Bethwel polepole. "Alisema, 'Daktari, ni mimi.' Mara mbili. Kana kwamba ningedhani ni mtu mwingine."

Jepkosgei akaacha kuandika.

"Ulikuwa na mkono kwenye komeo?"

"Nilikuwa nao."

"Kwa nini hukulivuta?"

"Ile ilikuwa chupa ya mwisho ya formalini. Nyingine ni mwezi wa tisa." Sauti yake ikapanda. "Mwaka jana wageni waliona ukungu ukutani. Wakaapa wakiuona tena, serikali haitatoa senti. Unajua hiyo ni nini? Kampuni sita! Watu arobaini! Vijana waliosoma, warudi kuuza mitumba? Ningefungua, gesi yote ingetoka. Nilijiambia, nifikiri dakika moja tu. Nikafikiri. Utepe ukachanika, gesi ikanichoma macho, nikauziba. Mkono wenyewe uliuziba. Kisha Habiba akaja, nikasema yale ya mabomba. Alipoondoka kubisha kulikuwa kumekwisha. Nikaona nikifungua sasa, nitakuwa nimempoteza Isaiah na maabara pia."

"Ukaenda kulala."

"Sijalala tangu Ijumaa, Inspekta. Kila nikifumba macho ananiambia ni yeye."

Adagala akamtia pingu.

Nje, gari la serikali lilikuwa limesimama. Bwana mmoja mnene kutoka Hazina, beji ya chama kifuani, alimvuta Inspekta kando.

"Bwana mdogo, andika ajali. Chumba nimekiona, ni safi, hakuna ukungu. Fedha zitatoka. Ukiandika mauaji, nitalifunga jengo hili leo. Waulize wenye kampuni wanataka nini."

"Huyu amekiri."

"Akipata wakili atakana. Utabaki na shahidi gani? Yule binti wa malori? Kazi yake yote imo humu ndani."

Adagala alijua kuwa ilikuwa kweli. Mbegu ya Habiba haingeishi wiki moja nje ya jokofu lile. Na Habiba alikuwa amesimama hatua tatu tu, amesikia kila neno.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi Maximilla, mjane wa Isaiah, aliyeitwa na wote Mama Perez kwa jina la binti yake. Hakuwa analia. Aliinua uso alipomwona Inspekta.

"Wameniambia ni ajali. Kwamba alilala tu na gesi, hakujua kitu." Akakaza kitambaa kichwani. "Mimi nauliza neno moja, Afande. Alibisha?"

Bwana mwenye beji akakohoa. Adagala akafungua kinywa, lakini Habiba alikuwa amemtangulia, amepiga magoti kwenye changarawe, ameshika mikono yote miwili ya mjane.

"Alibisha, Mama Perez. Alibisha sana. Mimi nilimsikia, nikaenda zangu."

Mjane hakuondoa mikono yake.

"Watafunga hapa," alisema Habiba. "Wafunge. Nitasimama kortini, mbele ya hakimu na mbele ya huyu bwana, niseme mume wako aliomba kufunguliwa na akasikiwa. Nakuahidi, Mama Perez. Wakiniita mara moja nitakuja, na wakiniita mara mia nitakuja."