Jina la Saba

Jioni moja ya mwaka wa 1954, Jepchumba alipanda mlima wa Sachangwan kwenda kuhakikisha majina. Nyumba ya babu yake, iliyojengwa kwa mataruma ya reli kabla mzungu yeyote hajaweka seng'enge huko, ilikuwa ibomolewe Ijumaa. Mwenye shamba mpya alitaka malisho. Ofisi ya serikali mjini Nakuru ilimpa Jepchumba njia moja: alete orodha ya wote walioishi humo, na mwaka aliokufa kila marehemu, ili nyumba iandikwe kuwa ya kihistoria. Jina moja likikosekana, ombi linatupwa.

Shangazi yake, Chepkurui, alimngoja katika nyumba hiyo, kigodani. Ndani mlinuka masizi.

"Kaa kwanza. Mimba ya miezi minane hiyo, na bado unapanda milima kama mbuzi!"

Jepchumba akacheka, akaketi, akasoma kwa sauti. Majina sita yakapita. Kwa kila moja shangazi aliitikia, "Huyo yumo."

"Wa saba, Kiplangat."

Shangazi akainua kichwa ghafla.

"Nani amekupa jina hilo?"

"Limechongwa nyuma ya mlango. Ni ndugu yake babu, sivyo?"

"Alikuwa mchawi," shangazi alinong'ona. "Ndugu zake walimnyonga hapo ulipokaa. Tulikula kiapo tusimtaje. Lifute."

"Wataikataa orodha, shangazi. Kama Kiplangat aliishi..."

Chafya.

Ndogo. Kama ya mtu aliyejifunika blanketi.

Harufu ya ugoro ikajaa chumbani. Hakuna aliyekuwa na ugoro.

Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya wafu, moja baada ya jingine. Jina atakalopigia chafya ndilo la aliyerudi.

Lakini huyu alikuwa hajazaliwa...

"Ni wewe umepiga chafya," shangazi alimsihi. "Mwanangu, sema ni wewe."

Jepchumba hakuwahi kusema jambo asilo na hakika nalo. Aliweka kiganja tumboni. Chini ya ngozi, kitu kilijigeuza taratibu, kama mtu anayetafuta mahali pake pa zamani kitandani.

"Si mimi."

Alhamisi asubuhi alikuwa Nakuru. Karani, Makokha, alishuka na orodha kwa ncha ya kalamu.

"Mama, wafu wako ni wengi kuliko abiria wa treni ya Kisumu!" Kalamu ikasimama. "Huyu wa saba hana mwaka. Amekufa au hajafa?"

Shangazi alikuwa amemtajia mwaka huo. Jepchumba alijaribu kuuandika mara tatu, mkono ukakataa.

"Nikiandika amekufa, bwana, nitakuwa nimeandika uongo."

Makokha akang'aa uso. "Si ungesema mapema! Kama mwanamume mmoja kati yao yu hai, basi nyumba ina mwenyewe. Hakuna wa kuibomoa." Akagonga muhuri, kishindo kikatikisa meza. "Na atahamia lini?"

Jepchumba akahesabu kwa vidole, chini ya shuka aliyojitanda.

"Mwezi ujao," alisema.