Nyuzi za Kuitika

Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, nilifika mtaa wa Gulfton, huku ughaibuni tunakoishi, kuchukua gitaa la marehemu Wilondja, mwanamuziki mzee. Nilitaka kulipima kwa ajili ya tasnifu yangu kuhusu sauti za ala za muziki. Lilikuwa na nyuzi sita juu, na nyingine saba nyembamba chini yake. Zile saba hazipigwi. Sauti inayolingana na uzi mmojawapo ikitoka karibu, uzi huo hutetema wenyewe.

"Mzee alikuwa anaziita nyuzi za kuitika," mjane wake, Mama Bernadette, alininong'oneza mlangoni. "Zikilia na hakuna mtu amepiga, kuna mwenye ameita. Usiitike, mwanangu."

Niliahidi. Nilikuwa nimechoka mno, sikutaka kubishana.

Nyumbani, mtaa wa Alief, nilimkuta dada yangu Jedidah ametoka zamu hospitalini, viatu bado miguuni. Akalitazama kasha nililobeba.

"Umetuletea jeneza la mtoto?"

"Ni gitaa, wewe."

"Basi linyamaze. Nimesimama masaa kumi na mbili."

Akaenda kulala. Sikumwambia maneno ya Mama Bernadette.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano nilizima kiyoyozi, nikafungua kasha. Harufu ikanipiga... moshi na maziwa ya kibuyu. Harufu ya nyumbani kwetu Kapsabet.

Sikuwa nimeligusa gitaa.

Mmm... mmm... mmmmm.

Chini, chini, juu.

Nilitazama friji. Simu. Dirisha. Kimya.

Tena. Chini, chini, juu.

Je... di... dah.

Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimwita kutoka jikoni. Mama tuliyemzika Machi, sisi wawili tukitazama kwenye simu.

"Mum?" Sauti ya usingizi, chumbani.

Nilikimbia.

"Jedi, usiitike!"

"Nakuja, mum."

Nyuzi zikanyamaza.

Alikuwa amelala, anapumua. Nilililaza kasha sebuleni na kulifunga kwa mkanda, nikarudi kuketi kando yake hadi kukapambazuka, nikasinzia.

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, nilipozinduka, alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anakoroga kikombe kitupu.

"Jedidah."

Hakugeuka.

Sebuleni, ndani ya kasha, nyuzi ziliitika.

Nilichukua koleo nizikate. Nikaliweka chini. Kama ni Jedidah aliyeitika mle ndani, ningemkata yeye. Nikampigia msimamizi wake, nikasema anaumwa, haji kazini. Kisha nikaketi sakafuni, nikafungua mkanda, nikaanza kumwita kwa sauti ya mama.

Chini, chini, juu.